Nilivyotumwa Kumtukana Bi Somoe

Tangu nirudi, siweki sahani mezani bila mtu kuuliza, "Mama Beno, vipi huko Rufiji? Ulimtukana?" Nikianza kusimulia, wali unaungua. Nikinyamaza, mnasema safari imenipandisha mabega. Kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome huku akisubiri maharage yaive, na mimi nipumue.

Kwa wateja wapya wasiojua: mimi ni Mpogoro, muuza wali wa hapa Ifakara, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo. Bi Somoe ni Mndengereko wa delta ya Rufiji, huko maji ya mto wetu yanakoishia baharini baada ya kukutana na mito mingine na kubadilishwa jina. Sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu. Naweza kumwita jina lolote, naweza hata kumnyang'anya kanga msibani, na haruhusiwi kununa. Naye vivyo hivyo kwangu, na Mungu ni shahidi kwamba hajawahi kuiacha haki yake ilale.

Tulijuana kupitia mwanawe Hamisi, aliyekuwa akifanya kazi hapa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hamisi aliugua, mama yake akaja kumuuguza. Siku ya kwanza nikamwekea sahani ya wali, tena ule wa juu juu niliouchagua mwenyewe. Aliutazama, akausukuma kwa ncha ya kidole, akasema mbele ya wateja wangu wote, "Huu kwetu tunawamwagia kuku." Nikajua nimepata ndugu. Siku zote alizokaa hapa alipika mchele aliokuja nao kutoka shambani kwake, na siku ya kuondoka akaniapia mkono juu: "Mpogoro wee, siku ntakapokula mchele wa Ifakara ndani ya nyumba yangu, jueni nshakufa, njooni mnizike." Tulicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo kila mavuno alinitumia kifurushi cha mchele wake, mwekundu kidogo, wenye harufu ya kukufanya umsamehe mumeo, pamoja na salamu kwa kuku wangu. Kisha vifurushi vikakoma. Mimi nikadhani ameanza uchoyo wa uzeeni, na nilimwambia hivyo kwenye simu. Alicheka tu.

Mwaka huu akapiga simu Hamisi, ambaye sasa anauza vifaa vya ujenzi Kibiti.

"Mtani," akasema, "njoo umtukane mama."

Akanieleza. Tangu bwawa kubwa la umeme lijengwe huko juu, mto haushuki tena kwa nguvu zake za zamani. Mto ukilegea, bahari inapanda. Maji ya chumvi yameingia kwenye mashamba ya mpunga, kisha kwenye kisima, na majirani wamehama mmoja mmoja. Mama yake amebaki peke yake ng'ambo ya mkono wa mto. Majuzi aliugua tumbo, na ilichukua muda mrefu mpaka watu kujua.

"Nimemjengea chumba. Mimi nikimwambia hama, nimekosa adabu. Wajomba wamekwenda kwa upole, kawapikia chai, wamerudi. Wewe peke yako ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia neno baya. Nikimwacha pale, mtani, siku moja ntakwenda nikute maiti."

Nikamwambia asiwe na shaka, amempata fundi.

Ifakara hadi Dar: mazoezi

Matusi ya utani si ya kubahatisha. Niliyapanga njiani kama mtu apangavyo mahari: madogo kwanza, makubwa baadaye. Na chini ya miguu yangu, kwenye kiroba, nilikuwa na lile kubwa kuliko yote, yaani mchele wa Ifakara, mpya, uliopepetwa vizuri. Nilipanga nimtupie miguuni na kusema, "Nimeleta chakula cha kuku, niitie kuku mwenyewe." Nilijiona nina akili mno. Nilicheka peke yangu kuanzia Kidatu.

Tatizo langu ni kwamba siwezi kufanya mazoezi kimya. Karibu na Mikumi, huku nikitazama mbele, nilisema kwa sauti, "Wewe kizee king'ang'anizi, hata kupe hunyofoka!" Mzee wa kanzu aliyekaa kando yangu, ambaye tangu Ifakara alikuwa ameegemea begani kwangu kwa usingizi, aliinuka taratibu, akaomba radhi, akaenda kusimama karibu na dereva. Nilimfuata kumweleza. Kadiri nilivyoeleza kwamba kizee ninayemtukana ni mwingine, ni mama wa watu, mjane, nasafiri mikoa miwili kwenda kumtukana, ndivyo abiria walivyozidi kunitazama. Kiti kile kilibaki kitupu hadi Dar, na mimi nililala kwa raha.

Nyamwage, ambako sikuwa nakwenda

Kesho yake nikapanda basi la Lindi, nikamwambia konda anishushe Kibiti. Alinihakikishia. Nilikuwa nimekula chapati za Mbagala, na chapati zikikutana na upepo wa dirishani huwa sijiwezi.

Nilifumbua macho tukiwa juu ya daraja kubwa. Chini niliona michanga mipana, ng'ombe wakinywa maji kwenye vijito, na mto umejibana upande mmoja kama mgeni asiyejua akae wapi. Nikasema moyoni, maskini, huu mto gani umekonda hivi? Nikalala tena. Ndiyo, wateja wangu. Nilivuka Rufiji yenyewe, nikauonea huruma, nisijue kwamba nikishauvuka nimeshapitiliza.

Nilishtushwa Nyamwage. Konda akala yamini kwamba aliniita Kibiti, tena mara kadhaa, na nikamjibu macho yamefumba, "Ongeza nyanya." Akaniteremsha na kiroba changu kando ya barabara, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo.

Nilimsalimu, nikamweleza masaibu yangu. Hakusikiliza masaibu, alisikiliza lafudhi.

"Wewe Mpogoro?"

"Mpogoro."

Akaweka mwiko chini, akaja akakikalia kiroba changu.

"Huondoki," akasema. "Ninyi ndio mnaotuzibia maji."

"Bwawa lenyewe liko kwenu Rufiji! Sisi maji tunayaachia yote!"

"Mmeyaachia bila kuyafundisha njia. Mngeyaambia yapite pembeni."

Watu wakakusanyika, maana utani barabarani ni sinema ya bure. Ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba nitakikomboa kiroba changu kwa kukaanga mihogo. Nikakaa jikoni pa watu huku mwenye jiko amekaa juu ya mchele wangu akitoa amri. Mimi ni mpishi, mnanijua. Lakini jiko la mtu ni kama mume wa mtu, hulijui linachemka lini. Fungu la kwanza niliunguza. La pili lilikuwa bichi ndani. Dereva mmoja wa lori aliuma kipande, akakitazama, akakirudisha sahanini kwa heshima.

"Ndiyo maana mnakula wali," akasema yule mama. "Muhogo umewashinda."

Alipochoka kucheka alinipa maji baridi. Alikuwa na friji kibandani, inanguruma vizuri, na taa inayowaka mchana kweupe. Nikamwambia, si haba, umeme huo umetoka kwenye bwawa hilohilo unalolilaumu.

"Sijaukataa," akasema. "Umeme ni mzuri. Zamani nilikuwa nauza hapa samaki wa ziwani, kambale na pele, wanaoza jioni kwa kukosa barafu. Nililia sana nipate friji. Sasa friji ninayo, samaki wa kuweka ndani ndiyo hamna."

Akaifungua nione. Mlikuwa na maji ya chupa, na ndimu moja.

Ikwiriri: mimi na mnyama

Yule mama alinitafutia bodaboda wa kunirudisha, kijana mwenye adabu aitwaye Shabani. Tulivuka tena daraja, safari hii macho wazi. Kufika Ikwiriri, Shabani akaniomba radhi: alikuwa na nyavu za mjomba wake za kupeleka ziwani, ni hapo tu. "Hapo tu" ya watu wa Rufiji ni ndugu wa "hapo tu" ya kwetu. Tulikwenda mpaka makalio yangu yakaanza kuzungumza lugha yake.

Nilitegemea ziwa. Nilikuta uwanja. Tope limekauka na kupasuka vipande vya ukubwa wa sinia, mitumbwi imekaa juu ya majani, na ndani ya mmojawapo mbuzi walikuwa wamelala na watoto wao. Katikati, mbali, palikuwa na dimbwi jeusi, na ndani ya dimbwi viboko wamebanana migongo kwa migongo, hawana hata nafasi ya kuzama. Korongo walisimama pembeni kama watu wanaosubiri msiba uanze.

Nikamuuliza Shabani kwani mvua hazikunyesha.

"Zilinyesha," akasema. "Ila ziwa hili halijazwi na mvua, mama. Zamani mto ulikuwa unafurika masika, unaingia humu na samaki wake, kisha unarudi zake. Maji yakirudi, sisi tunalima kwenye tope lile. Siku hizi maji yanatoka mitambo ikitaka. Pengine hayaji kabisa. Na kuna mwaka yalikuja yote kwa pamoja, yakabeba hata mahindi."

Nilikuwa naandaa jibu la busara nilipoona mmoja wa wale viboko hayumo dimbwini. Alikuwa kwenye njia yetu, karibu na kisima cha pampu, mchana wa jua kali, akilamba unyevu wa sakafuni. Ngozi imempwaya, mbavu unaziona. Sijawahi kuona kiboko mwenye mbavu. Kina mama waliokuja na ndoo walikuwa wamejibanza nyuma ya nyumba, wanamtukana na kumhurumia kwa pamoja.

Wapogoro tumekulia na viboko. Nilikuwa nimemwambia Shabani hivyo njia nzima. Basi nikafanya jambo ambalo mtu aliyekulia na viboko hulifanya, nikakimbia na kupanda juu ya mtumbwi uliolazwa kifudifudi, nikasimama pale na kiroba changu kichwani.

"Mama," Shabani akaniita kwa upole kutoka mbali, "mitumbwi ndiyo anayopenda kupindua."

Tulisubiri mpaka jua lilipogeuka. Mnyama hakumfukuza mtu, alilamba sakafu mpaka ikakauka, kisha akarudi dimbwini kwa hatua za mzee aliyekosa nafasi hospitali. Nilishuka na aibu yangu, miguu imekufa ganzi. Niliona mabega ya Shabani yakitetemeka njia yote hadi Kibiti, na pikipiki nayo ikitetemeka.

Kibiti: kitanda chenye nailoni

Nyumbani kwa Hamisi walinipokea kwa ugali na kisamvu cha nazi kilichonirudishia imani. Nilikula kama niliyetoka vitani. Mkewe Zainabu aliniongezea bila kuniuliza, na huyo ni mke mwema.

Hamisi amekuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu na macho ya kukosa usingizi. Alinionyesha chumba alichomjengea mama yake: dirisha kubwa, feni darini, kitanda kipya ambacho godoro lake bado liko ndani ya nailoni. Nailoni ilikuwa na vumbi.

"Hajawahi hata kulikalia," akasema. "Nikimwambia kuna feni, ananiambia shambani kwake upepo hauna bili."

Nikamwambia atulie, nimekuja na silaha. Nikafungua kiroba nimwonyeshe. Nikamweleza mpango wangu wote, kuku na kadhalika, nikiigiza hadi sauti ya mama yake. Zainabu alitabasamu. Hamisi aliingiza mkono kwenye mchele, akauchota, akauacha uchirizike, wala hakucheka.

"Unakumbuka alivyoapa?" akauliza.

"Ndiyo utamu wenyewe!"

"Haya, mtani," akasema, akafunga kiroba vizuri kwa kamba. Nilidhani amechoka na kazi. Nililala usingizi wa mjinga, nao ni mzito kuliko wote.

Mikokoni: kupeleka maji mtoni

Asubuhi Hamisi akafunga duka, tukaenda Nyamisati kupanda boti ya kuingia Salale, ndani ya delta. Kila abiria alikuwa na mzigo wa aina moja, madumu ya maji. Yamepangwa kuanzia omo hadi tezi, na sisi tumekaa juu yake. Nikamuuliza kapteni, mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, kama huko tuendako hakuna mto.

"Upo," akasema. "Tunaupelekea maji."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Baadaye kidogo nikaacha.

Tulipita kwenye njia nyembamba za maji katikati ya mikoko. Kapteni alinionyesha kona moja ambapo zamani, maji yakipwa, alikuwa akizamisha kikombe na kunywa. Nikataka kuonyesha kwamba mimi si wa mjini, nikachota kwa kiganja nikanywa. Sitawaeleza uso niliofanya. Aliyekaa mbele yangu alinipisha ukingo wa boti.

Kwa sababu tulicheka mno, au kwa sababu ya uzito wa mtu mmoja nisiyetaka kumtaja, boti ilikwama kwenye tope maji yalipopwa. Hakuna la kufanya katika hali hiyo ila kusubiri bahari ibadili nia. Walichoma kamba wa baharini kwenye jiko la mkaa pale pale botini, wakanigawia na pilipili na ndimu. Wakati nakula, sauti ikasikika ng'ambo ya mikoko: makopo yakigongana, kwa nguvu, kisha kimya. Baada ya muda tena, kwa nguvu, kisha kimya.

Watu wote botini wakatulia. Kapteni akamgeukia Hamisi.

"Mama yupo," akasema.

"Alhamdulillahi," akajibu Hamisi, akaendelea kumenya kamba wake.

Nikauliza. Hamisi akanieleza kwamba hayo ni makopo ya kufukuzia ndege shambani. Yanafungwa kwenye kamba ndefu inayozunguka mpunga, na mwenye shamba anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu, anaivuta. Majirani wa mbali wakiyasikia asubuhi na mchana, wanajua Bi Somoe yu hai. Siku alipougua hayakulia, lakini kulikuwa na upepo wa kinyume, kila mtu akadhani ni upepo.

Kwa Bi Somoe

Nilishuka ufukoni kwa mguu wa kulia, na tope likaupenda. Nilivuta, likavuta. Nilipata mguu, ndara ikabaki. Kisha nikaanguka kifudifudi, kiroba kimeinuliwa juu kwa mikono miwili ili kisilowe, mchele mzima na mpishi ameharibika.

Kutoka juu ya dungu ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka.

"Hamisi! Mbona walisema viboko wanakwisha? Huyu mbona amevaa kanga?"

Nilikaa kwenye tope nikacheka mpaka machozi. Matusi yangu yote ya kuanzia Mikumi yalinitoka kichwani. Mwanamke yule alinishinda kabla hajashuka ngazi.

Alishuka. Amekwisha, wateja wangu. Amekuwa mwembamba kama mpini wa mwavuli, mikono imepasuka. Nikampa shikamoo, maana utani hauondoi shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipangusa uso kwa upindo wa kanga yake, akaniambia tope limenipendeza, limenipunguzia sura.

Kisha nikageuka kuona shamba.

Lilikuwa jeupe. Chumvi imekauka juu ya udongo kama unga uliomwagika. Hapa na pale yalisimama mabua machache ya mpunga, ya kahawia, masuke yasiyo na kitu ndani. Nilikamua moja kwa vidole kama nifanyavyo sokoni. Lilikuwa kapi tupu. Na kuzunguka pande zote, kwenye miti iliyochongwa na kusimikwa vizuri, ilipita kamba imara yenye makopo ya maziwa na ya rangi, hakuna hata moja lililolegea.

"Unalinda nini, kizee?" nikamuuliza. Nilitaka liwe tusi. Lilitoka kama swali.

"Ndege."

Akanipa ncha ya kamba. Nikavuta. Makopo yakalia shamba zima hadi mwisho wa mikoko. Hakuna kilichoruka. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Zamani ukivuta hivyo," akasema, "jua linazibwa. Wanainuka kama nzige. Unawatukana mpaka sauti inakauka. Kulikuwa na nguruwe, kulikuwa na ngedere, kulikuwa na kiboko wangu mmoja, mshenzi, kila mwaka anakuja kula ile pembe pale. Nilikuwa nasema, ndege hawa wataniua kwa kazi." Akaikunja kamba mkononi. "Mpunga ukikosa, hata mwizi wake hakujali."

Hamisi alikuwa amekwenda kuteremsha madumu. Tulikuwa sisi wawili tu, na kimya kilinishinda. Mimi kimya kikinishinda hufanya mambo ya kijinga. Badala ya kutulia nikakumbuka kazi niliyotumwa. Nikachukua kiroba, nikakitua miguuni pake, nikasema yale maneno niliyokuwa nikiyacheka kuanzia Kidatu: nimeleta chakula cha kuku, niitie kuku mwenyewe.

Hakucheka. Aliinama akafungua kamba ya kiroba. Alichota mchele kwa viganja viwili, akaunusa, akautazama punje kwa punje, kama mtu anayetazama picha ya ndugu. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nimesafiri njia yote hiyo, kupita mto uliokonda na ziwa lililokufa, nimeonyeshwa kila kitu kwa macho yangu, na bado nikambebea mchele mwanamke asiye na mchele, ati kwa mzaha. Nilitamani lile tope linivute lote.

"Bi Somoe, ule ni utani tu," nikasema. "Nitaurudisha."

"Nani kakwambia urudishe?" akasema. "Hamisi! Lete dumu la maji. Na sufuria ile kubwa."

Alipika mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanipiga mkono kwa mwiko. Aliuosha kwa maji machache, alikuna nazi, akapalia makaa juu ya mfuniko. Tukakaa kwenye mkeka, yeye, Hamisi na mimi. Hakuna aliyeanza kula. Hamisi alikuwa ameinamia sinia, na nikajua naye anakisikia kile kiapo cha Ifakara kama ninavyokisikia mimi.

Bi Somoe akasema bismillahi, akafinya tonge, akala. Akatafuna polepole, akameza. Nilimkazia macho nikingoja. Aseme una mawe. Aseme kuku wake wa zamani walikula bora. Aseme lolote.

"Mtamu," akasema.

Nikalia. Nililia kama mtoto, na wali mdomoni. Afadhali angenitukana mimi na ukoo wangu mzima. Mtani wako akikusifu, kuna kitu kimemfika ambacho wewe huwezi kukiondoa.

Alikula mpaka akatosheka, akanawa, akamtazama mwanawe.

"Chumba chako kina dirisha upande gani?"

"Mashariki, mama."

"Haya. Kesho."

Kurudi

Hakuwa na mizigo mingi. Alifagia dungu, akashuka, akaiacha ngazi imeegemea. Kamba ya makopo aliikaza kwenye nguzo ya mwisho, akaijaribu kwa kidole, akaiacha. Hamisi alitaka kuikata achukue yale makopo ya bati, akamkataza.

Tulipokuwa tunaingia kwenye mikoko, upepo ukavuma, na nyuma yetu makopo yakalia yenyewe. Kapteni akasahau, akasema, "Mama yupo." Kisha akamwona amekaa mbele yake juu ya madumu matupu, akajifanya anatazama injini.

Hadi Kibiti Bi Somoe alinitania mambo mengine yote. Alinitania mwendo, alinitania ndara moja, alinitania jinsi Shabani wa bodaboda alivyompa Hamisi habari zangu na mtumbwi. Utani wa mchele hakuugusa. Nilimwacha amekaa juu ya kitanda kipya, nailoni ikilia chini yake, feni ikizunguka, akiitazama kwa kuituhumu.

Basi jibu ndilo hilo: ndiyo, nilifanikiwa. Hamisi ananishukuru kila tukiongea. Bi Somoe ana daktari karibu, ana wajukuu miguuni, na tumbo limepona. Mnaosema nifurahi, nimefurahi. Lakini juzi nilimtumia kiroba kingine cha mchele kwa basi, nikakitia mawe kwa makusudi, kiasi cha konzi moja, mawe ya kuonekana. Kisha nikampigia.

"Mchele umefika?"

"Umefika, mwanangu. Asante sana."

"Hukuona mawe?"

"Nimeyachambua. Tumekula, tumeshiba. Mungu akuzidishie."

"Bi Somoe," nikamwambia, "nitukane basi. Tusi moja tu."

Nilisikia feni yake.

"Siku nikivuna, mtani," akasema. "Siku nikivuna nitakutukana mpaka ujute."